Ukataji wa kingo za picha kwenye televisheni

Ukataji wa kingo za picha kwenye televisheni, unaoitwa pia ovaskani, ni hali ambapo televisheni inaikuza picha inayoipokea kupita ukubwa wa kioo chake. Sehemu ya picha iliyo pembezoni huangukia nje ya kioo na mtazamaji haioni. Kompyuta na simu kwa kawaida hazifanyi hivyo, bali huonyesha picha yote hadi kidoa cha mwisho. Kwa sababu hiyo video moja inaweza kuonekana nzima kwenye kompyuta, na ikichezwa kwenye televisheni ikakosa matokeo ya mechi yaliyo kwenye kona, namba ya simu iliyoandikwa chini, au mkono wa mkalimani wa lugha ya alama.

Hali hii si ubovu wa video wala wa televisheni. Ni urithi wa televisheni za zamani zenye mrija wa kioo, zile ambazo nchini Tanzania huitwa TV za chogo. Televisheni bapa za leo haziuhitaji urithi huo, lakini nyingi bado hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukata kingo. Mara nyingi mtumiaji anaweza kuuondoa mpangilio huo kwa rimoti.

Sababu tatu zinazochanganywa

Picha inapoonekana tofauti kwenye vyombo viwili, sababu huwa moja kati ya tatu, au zaidi ya moja kwa pamoja:

- Ovaskani: kingo zote nne zinakatwa kidogo, lakini maumbo ya vitu hayabadiliki.
- Tofauti ya uwiano wa upana na kimo: picha ya umbo moja inaonyeshwa kwenye kioo cha umbo jingine. Matokeo yake ni mistari myeusi, au kukatwa kwa pande mbili tu, au watu kuvutwa wakawa wanene.
- Umbo la pikseli: video iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni inachezwa kwenye kompyuta bila kurekebishwa, na watu wanaonekana wembamba kuliko walivyo.

Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kutazama kitu cha duara, kwa mfano saa ya ukutani au duara la katikati ya nembo. Duara likibaki duara na kingo zote nne zikikosekana, hiyo ni ovaskani. Duara likibaki duara lakini vichwa na miguu tu ndivyo vimekatwa, televisheni imewekwa kwenye hali ya kukuza ili kuijaza skrini. Duara likiwa kama yai, kosa liko kwenye uwiano au kwenye umbo la pikseli.

Asili ya ovaskani

Ndani ya TV ya chogo mna mrija mkubwa wa kioo usio na hewa. Nyuma ya mrija, kwenye shingo yake, hutoka mwale wa elektroni unaogonga dawa inayong'aa iliyopakwa upande wa ndani wa kioo cha mbele. Koili za sumaku zilizozungushiwa shingoni huuelekeza mwale huo uchore picha mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini. Katika mfumo wa PAL, picha ina mistari 625 na huchorwa mara 25 kwa sekunde. Kati ya mistari hiyo, 576 ndiyo inayobeba picha. Iliyobaki ni muda wa mwale kurudi juu, na baadhi yake ilitumiwa kusafirisha maandishi ya teleteksti.

Kuuongoza mwale hadi ufike ukingoni kabisa, bila kupungua wala kuzidi, kulikuwa kazi ngumu. Upana wa picha ulitegemea nguvu ya umeme ndani ya seti. Umeme ukipungua, picha katika seti nyingi ilinywea na kuacha ukanda mweusi pembeni. Vipuri vilibadilika tabia vilipopata joto na vilipozeeka. Hata seti mbili za aina moja kutoka kiwanda kimoja hazikufanana kabisa. Tena kioo chenyewe kilikuwa na pembe za mviringo, na mirija ya mwanzo kabisa ilikuwa ya duara.

Watengenezaji walichagua suluhisho la bei nafuu: kuichora picha kubwa kuliko kioo tangu mwanzo, ili hata ikinywea kidogo au ikisogea upande, mtazamaji asione ukanda mweusi. Kingo zilizopotea zilikuwa ndiyo akiba. Kiasi cha kukatwa kilitofautiana kati ya seti na seti. Makadirio ya kawaida yalikuwa karibu asilimia 5 kila upande, na seti iliyochakaa au kurekebishwa vibaya iliweza kukata zaidi.

Baadaye vituo vya utangazaji na watengenezaji wa vifaa waliizoea akiba hiyo na kuanza kuficha mambo ndani yake. Mstari wa 23 wa PAL, ulio juu kabisa ya picha, ulitumika kubeba alama inayoiambia televisheni kama kipindi ni cha picha pana au la. Kwenye TV ya chogo alama hiyo haikuonekana. Video hiyohiyo ikifunguliwa kwenye kompyuta, alama huonekana kama vipande vyeupe vya mstari juu ya picha.

Kwa nini kompyuta haikati

Mtazamaji wa filamu hasumbuki sana akikosa kipande cha ukuta au cha anga. Mtumiaji wa kompyuta hawezi kuvumilia hivyo, kwa kuwa ukingoni mwa skrini ndipo zilipo menyu, saa, kitufe cha kufunga dirisha na orodha ya programu zilizofunguliwa. Kompyuta ikikatwa kingo, inakuwa vigumu kuitumia.

Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 ziliunganishwa kwenye televisheni za kawaida, na watengenezaji wake walilijua tatizo hili. Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, iliweka picha yake ya vidoa 320 kwa 200 katikati na kuizungushia pambizo pana la rangi. Pambizo hilo ndilo lililokatwa, na maandishi yakabaki salama. Baadaye kompyuta zilipata skrini zake zenyewe, ambazo zilirekebishwa kwa uangalifu zaidi na kuwa na vitufe vya kupanua na kusogeza picha. Zilipokuja skrini bapa, kila kidoa cha picha kilipata mahali pake maalumu kwenye kioo, na suala la kukata likaisha kwa upande wa kompyuta.

Eneo salama

Kwa kuwa mtayarishaji wa kipindi hakuweza kujua kila nyumba inakata kiasi gani, ilibidi aweke mipaka yake mwenyewe. Utaratibu wa zamani ulikuwa na mipaka miwili. Wa kwanza ni eneo salama la matukio, yaani asilimia 90 ya katikati ya upana na ya kimo. Chochote cha maana kinachotendeka kinapaswa kuwa humo. Wa pili ni eneo salama la maandishi, yaani asilimia 80 ya katikati, ambamo maandishi yote yanapaswa kukaa.

Kwa picha pana za kisasa, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulilegeza mipaka hiyo katika pendekezo lake R 95. Matukio huachiwa pambizo la asilimia 3.5 kila upande, na maandishi asilimia 5. Kwa picha ya pikseli 1920 kwa 1080, asilimia 5 ni pikseli 96 kushoto na kulia, na pikseli 54 juu na chini. Maandishi yote basi yakae ndani ya mstatili wa pikseli 1728 kwa 972 ulio katikati.

Programu nyingi za kuhariri video zina uwezo wa kuchora mistatili hii juu ya picha wakati wa kazi. Mistari hiyo haiingii kwenye video iliyokamilika.

Kamera nayo inahusika. Kioo kidogo cha kamera huweza kuonyesha picha nzima au kipande chake tu. Mpigapicha anayeona picha nzima anaweza kumweka bibi harusi ukingoni kabisa na kuridhika, kisha familia ikaitazama sherehe kwenye TV ya chogo na kumkuta amekatwa bega.

Uwiano wa upana na kimo

Uwiano wa 4 kwa 3 ulianzia kwenye filamu. Katika maabara ya Thomas Edison nchini Marekani, miaka ya 1890, William Dickson alitumia filamu ya upana wa milimita 35 yenye fremu za umbo karibu na hilo. Televisheni iliurithi. Katika miaka ya 1950 kampuni za filamu za Hollywood, zikitaka kuwarudisha watu kutoka sebuleni, zilianza kutengeneza picha pana zaidi. CinemaScope ilianza mwaka 1953. Tangu hapo filamu za sinema na televisheni hazikuwa na umbo moja, na filamu pana ilipoonyeshwa kwenye televisheni ilibidi iwekewe mistari myeusi juu na chini au ikatwe pande zake.

Uwiano wa 16 kwa 9, unaotumiwa na televisheni za sasa, ulipendekezwa katika miaka ya 1980 na mhandisi Kerns Powers. Ni wastani kati ya televisheni ya zamani na filamu pana, ili kila upande upoteze kiasi kinachovumilika. Hesabu zake ni hizi:

- Picha ya 4 kwa 3 kwenye kioo cha 16 kwa 9 bila kukatwa hujaza asilimia 75 ya upana. Pande mbili hubaki nyeusi.
- Picha hiyohiyo ikikuzwa hadi ijaze kioo, robo ya kimo chake hupotea. Mara nyingi kinachopotea ni paji la uso juu na maandishi chini.
- Picha ya 16 kwa 9 ikikatwa ili ijaze TV ya chogo, robo ya upana hupotea.
- Video ya simu iliyopigwa kwa kusimamisha simu, yaani 9 kwa 16, hujaza chini ya theluthi moja ya upana wa televisheni. Ndiyo maana vituo vingi vya habari huijazia pande zake kwa picha hiyohiyo iliyofifishwa.

Umbo la pikseli

Video ya dijitali ya mfumo wa PAL, kama ile ya DVD, ina pikseli 720 kwa 576. Kwa hesabu ya kawaida huo ni uwiano wa 5 kwa 4, si wa 4 kwa 3. Sababu ni kwamba pikseli za televisheni si za mraba bali zimepanuka kidogo. Kompyuta hutumia pikseli za mraba, kwa hiyo programu ya kuchezea video inapaswa kuipanua picha hadi takriban 768 kwa 576. Isipofanya hivyo, watu huonekana wembamba. DVD ya picha pana hutumia pikseli zilezile 720 kwa 576 zilizobanwa zaidi, na bila kupanuliwa nyuso huwa nyembamba mno.

Televisheni bapa na waya wa HDMI

Televisheni bapa haina mwale wa kuongoza. Pikseli zake zimejengwa ndani ya kioo na hazinywei umeme ukipungua. Hata hivyo ovaskani ilibaki, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vituo viliendelea kurusha video za zamani zenye takataka ukingoni, na watengenezaji hawakutaka wateja wazione. Ya pili ni mazoea: waya wa HDMI ulipotumika kuunganisha vyombo, picha za vipimo vya televisheni zilichukuliwa kuwa za kukatwa, na zile za vipimo vya kompyuta kuwa za kuonyeshwa nzima. Picha ya 1920 kwa 1080 hutumiwa na pande zote mbili, hivyo televisheni huweza kuidhani picha ya kompyuta kuwa kipindi cha kawaida.

Ovaskani ya dijitali ina hasara mbili. Televisheni inayokata asilimia 2.5 kila upande huonyesha pikseli 1824 kwa 1026 tu, sawa na takriban asilimia 90 ya eneo la picha. Ikikata asilimia 5 kila upande, hubaki asilimia 81. Zaidi ya hapo, kilichobaki hunyooshwa kujaza kioo chenye pikseli 1920 kwa 1080, kwa hiyo vidoa havilingani tena na mahali pake na herufi ndogo huwa na ukungu. Mtu anayelalamika kuwa maandishi ya kompyuta yake hayasomeki vizuri kwenye televisheni mara nyingi anaiona ovaskani bila kujua.

Afrika Mashariki

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilichelewa hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo binafsi kama ITV. Mfumo uliotumika ulikuwa PAL, na seti zilizoenea majumbani zilikuwa za chogo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na urushaji wa dijitali. Katika makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, tarehe 17 Juni 2015 ilipangwa kuwa mwisho wa kulindwa kwa urushaji wa analojia katika bendi ya UHF barani Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia. Tanzania ilianza mapema: mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Mtu mwenye TV ya chogo hakulazimika kuitupa. Alinunua king'amuzi na kukiunganisha kwa waya wa rangi tatu: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti.

Hapo ndipo aina zote tatu za tofauti zilipokutana katika nyumba moja. King'amuzi hupokea picha ya 16 kwa 9, huibadilisha kwa ajili ya kioo cha 4 kwa 3, kisha TV ya chogo huikata tena kingo kwa ovaskani yake. King'amuzi kikipangwa kuijaza skrini, mtazamaji hupoteza robo ya upana, halafu na pambizo juu yake. Matokeo ya mechi yaliyo kwenye kona ya kushoto huweza kutoweka kabisa.

Jambo hili huonekana zaidi nje ya miji mikubwa, ambako vyombo vya vizazi tofauti hutumika kwa wakati mmoja. Mahongole, kwa mfano, ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Makambako katika Mkoa wa Njombe. Makambako ipo kwenye makutano ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya na ile inayokwenda Njombe na Songea, na ina stesheni ya reli ya TAZARA. Katika maeneo ya namna hii nyumba moja huweza kuwa na TV ya chogo yenye king'amuzi, jirani akawa na TV bapa, na kijana akawa anatazama filamu kwenye simu au kompyuta. Filamu ileile huonekana kwa namna tatu. Katika kibanda umiza, ambako watu hulipa kiingilio kutazama mpira au filamu, mpangilio mmoja mbaya huwanyima watu wengi kwa pamoja maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha.

Wanaoumia zaidi ni wale wanaotegemea kinachowekwa ukingoni. Mtazamaji kiziwi hutegemea mkalimani wa lugha ya alama, ambaye kwa kawaida huwekwa kwenye kisanduku kidogo pembeni, na mkono uliokatwa ni neno lililokatwa. Msikilizaji asiyejua lugha ya filamu hutegemea maandishi ya tafsiri.

Kanda za zamani zikiingizwa kwenye kompyuta

Familia nyingi zina kanda za VHS za harusi, kipaimara na misiba, na mafundi huzihamishia kwenye kompyuta. Kanda ikionekana kwenye kompyuta, mistari michache ya chini kabisa huwa imepinda na kuchezacheza. Watu hudhani kanda imeharibika. Ukweli ni kwamba mistari hiyo ilikuwapo siku zote. Hutokea pale kifaa cha kuchezea kanda kinapobadilisha kichwa kimoja cha kusomea kwenda kingine, na TV ya chogo ilikuwa ikiificha. Fundi anaweza kuifunika kwa ukanda mweusi mwembamba bila kugusa sehemu nyingine ya picha.

Kurekebisha

Kwenye TV bapa, mpangilio wa ovaskani huwa ndani ya menyu ya picha au ya ukubwa wa skrini. Jina lake hutofautiana: katika seti nyingi za LG huitwa "Just Scan", Samsung "Screen Fit", Sony "Full Pixel" na Sharp "Dot by Dot". Katika baadhi ya seti, kubadilisha jina la tundu la HDMI liwe "PC" huondoa ukataji. Ni bora kurekebisha kwenye televisheni kwanza. Kompyuta nayo huweza kuipunguza picha ili ienee ndani ya kioo, lakini njia hiyo huacha herufi zikiwa na ukungu, kwani picha hupunguzwa na kisha kukuzwa tena.

Kwenye king'amuzi kilichounganishwa na TV ya chogo, menyu ya umbo la skrini iwekwe 4 kwa 3 pamoja na hali ya mistari myeusi juu na chini. Picha itakuwa ndogo kidogo, lakini upana wake wote utabaki, isipokuwa pambizo dogo linalokatwa na TV yenyewe. Pambizo hilo haliondolewi kwa rimoti ya king'amuzi. Katika baadhi ya seti huweza kupunguzwa kwenye menyu ya ufundi au kwa virekebishi vya ndani. Kazi hiyo ni ya fundi, kwa kuwa ndani ya TV ya chogo hubaki umeme wa volti elfu nyingi hata baada ya kuzimwa.

Kwa mtayarishaji wa video, kanuni ni moja: ukingoni kuwe na picha ya kutosha, lakini kusiwe na jambo la lazima. Asiyekatiwa ataona ukuta au anga zaidi, na atakayekatiwa hatakosa jina, namba wala neno.